Sikio la Sungura Liko Rehani

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya usafi, nilitupa gari la mwanangu kwenye shimo la taka. Sikutambua kama ni gari. Niliona dumu la mafuta ya kula la lita moja limekatwa ubavuni, waya zimechomoza, vipande vya ndala vinaning'inia, nikajisemea vitu hivi vitatuletea nge ndani. Aliporudi kutoka madrasa alizunguka nyumba mara mbili, kisha akaja kusimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, gari langu lilikuwa linakata kona."

Tulikwenda shimoni tukalitoa. Nikavuta kigoda, akanionyesha. Magurudumu ya mbele hakuyafunga kwenye dumu. Aliyaweka kwenye waya wake peke yake, na waya ule ukaungana na fimbo ndefu yenye usukani juu, hivyo anatembea wima huku akilisukuma na kuligeuza anakotaka. Magurudumu yenyewe ni ndala yangu ya zamani, ameichora kwa kufuatisha kifuniko cha kopo la maziwa, akaikata kwa wembe. Tundu la katikati kalitoboa kwa msumari aliouchoma kwenye jiko langu la mkaa. Nikaelewa ile harufu ya mpira ya wiki nzima ilitoka wapi. Miaka tisa alikuwa nayo. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Muheza, nafundisha watoto wa watu kila siku, na wangu nilikuwa nimemtupia kazi yake jalalani. Nilimwomba radhi.

Tangu siku ile kuna boksi la sabuni chini ya meza yetu. Vizibo vya soda, kamba za mkonge, vifungo, kandambili zilizokatika, vyote humo, na halitupwi kitu bila kuulizana. Wembe ukitoka, mtu mzima akae karibu. Mimi nami nimejiwekea sharti: mtoto akiniletea alichotengeneza, simwambii "kizuri sana" halafu nikageukia sufuria. Namuuliza, "Umefanyaje hapa?" Hilo swali linamkalisha nusu saa akieleza, na akimaliza kueleza mara nyingi ameshaona mwenyewe pa kurekebisha.

Umeme ukikatika usiku tunatega vitendawili barazani. Bibi yao, mama mkwe wangu, anasuka ukili gizani bila kuangalia vidole, na yeye ndiye aliyebadilisha mchezo. Wajukuu walikuwa wanarudia yale yale, nyumba yangu haina mlango, yai, basi. Bibi akasema, "Hivyo vya babu zenu majibu mnayajua. Tegeni vyenu." Kukawa kimya kirefu. Kisha yule fundi gari akaanza:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wetu hula usiku, mchana kutwa anaongea."

Tulishindwa wote, tukampa mji, akachagua Zanzibar, akatutembeza huko mpaka kwenye samaki wa Forodhani kabla ya kutoa jibu: simu. Dada yake hakukubali kuachwa nyuma. Siku ya pili akaja na chake: "Hulala chali juu ya bati kutwa nzima, usiku ndipo tunapoona kazi yake." Sola. Bibi alicheka mpaka ukili ukamponyoka.

Nikavipeleka darasani. Nina watoto 94, madawati ya kubanana, na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ya kukamilisha, kwa hiyo naelewa kabisa mwalimu anayesema ubunifu ni wa shule zenye watoto ishirini na tano. Lakini kitendawili hakihitaji karatasi. Mtoto anayehangaika kusoma aya ya kitabu anaisoma mbio sentensi aliyoitunga mwenyewe nikiiandika ubaoni, maana anajua nini kinakuja.

Rangi nazo tunapika. Manjano ya dukani tunayakoroga na uji mwepesi wa muhogo ili yashike. Mkaa uliotwangwa unatoa nyeusi, udongo mwekundu wa njiani unatoa rangi ya matofali, kisamvu kilichopondwa kinatoa kijani ambacho kikikauka kinafifia, tumekubali. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti. Karatasi ni migongo ya kalenda zilizopita. Niliwasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Mtoto mmoja akauliza, "Baiskeli yenyewe ilikuwa ya nani?" Swali zuri, tukalichora.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba daftari la mwanawe halina vyema vya kutosha, mtoto anachezea tu. Sikubishana naye. Nilimkaribisha akae dawati la nyuma kwenye kipindi cha hadithi ya kupokezana, ambayo kila dawati huongeza sentensi moja. Siku hiyo nilianza mimi: Sungura alifika Muheza akakuta machungwa yote yameisha. Dawati la kwanza: akapanda bodaboda aende Tanga. La pili: hana nauli. La tatu: dereva akamwambia, leta masikio. Hapo darasa likavurugika. Wengine wakasema masikio hayawezi kuwa nauli, wengine wakasema sungura ndiye mwenye makosa, kwa nini apande hana hela. Ulimi uliniwasha niwaamulie. Nikaushika. Wakabishana wenyewe mpaka dawati la mlangoni likasema: basi aache sikio moja rehani, akiuza machungwa atalikomboa. Yule mzazi alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza, "Sasa mwalimu, hilo moja lililobaki atasikia honi kweli?"

Sungura bado yuko Tanga. Anabeba mizigo stendi kutafuta hela ya kukomboa sikio, na kila wiki bei inapanda kwa sababu dawati la tatu halina huruma hata kidogo. Jumatatu zamu ya kuanza ni ya dawati la dirishani, na tayari wameniomba chaki ya rangi.