Kumbukumbu ya viko vya kuchonga: naanza na shingo, uso baadaye

Machi

Viko vya kuvutia tumbaku nilivyochukua kwa muuza vitu vya kale hapa Arusha sasa vimepangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake. Vingi ni mershamu, lile jiwe jeupe na jepesi linalochimbwa Eskişehir, Uturuki, ambalo mafundi wa Vienna walilichonga sana karne ya 19. Kuna vichwa vya wazee wenye vilemba, mwanamke mwenye kofia ya manyoya, na kucha za tai zilizoshika yai. Kila mgeni akiingia hukimbilia kucha. Nacho ndicho kiko cha kawaida kuliko vyote: mchongo ule umerudiwa na karakana nyingi, na Eskişehir wanauchonga hadi leo.

Ndiyo maana siamini uso. Mchongo huigwa miaka nenda rudi, ila pale shingoni, mdomo (kile kipande cha kushika kinywani) unapoungana na jiwe, fundi alitumia kile alichokuwa nacho wakati wake. Vya zamani hukutwa na skrubu ndogo ya mfupa, imekuwa ya manjano, nyuzi zake zimelika. Kipande cha plastiki nyeupe cha kuchomeka na kuchomoa ni cha nusu ya pili ya karne ya 20. Kiko cha mwanamke kina mfupa, cha kucha kina plastiki. Plastiki haitoshi kukihukumu, maana mdomo huweza kubadilishwa, lakini nimeshaanza kukitilia shaka.

Aprili

Mwezi wa midomo. Rangi ya asali humdanganya kila mtu, kwa sababu kaharabu halisi, utomvu wa miti ya kale ulioganda, na bakelaiti, plastiki ya mwanzo, hufanana sana kwa macho. Bakelaiti ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, kwa hiyo mdomo wa bakelaiti hauwezi kuwa wa enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, iliyoisha 1901, hata muuzaji aape vipi.

Nilichotumia ni ile taa ya kukagulia noti bandia. Nilizima taa za chumba nikamulika. Mdomo wa kiko cha mwanamke ukawaka ubuluu wenye ukungu, uking'aa zaidi pale ulipomeguka karibu na tundu. Kaharabu. Ule wa kucha ukabaki umefifia, kahawia tu. Kisha nikausugua huo wa kucha kwa kidole gumba mpaka ukapata joto, ukatoa harufu kali ya dawa ya hospitali. Bakelaiti. Wapo wanaochoma kwa sindano ya moto ili wanuse moshi. Mimi sifanyi hivyo, maana tundu la sindano linabaki na bei inashuka.

Mei

Jiwe lenyewe. Kwa lenzi, kipande kizima cha mershamu huonyesha mishipa midogo na vidoa. Kile kilichoshindiliwa kutokana na vumbi na mabaki ya karakana kinafanana kila upande kama chaki. Wanasema pia mershamu kavu hushika ulimi. Inawezekana, ila kiko kilichovutwa na mtu nisiyemjua miaka mia iliyopita hakitauona ulimi wangu.

Rangi nayo inasema. Kiko huchovywa kwenye nta ya nyuki, na joto la tumbaku huivuta nta pamoja na lami mpaka jiwe linageuka dhahabu, kisha kahawia. Kwa kawaida weusi huanzia chini ya bakuli na shingoni, ukingo wa juu ukichelewa. Kimoja cha kilemba kina rangi ileile kuanzia ukingo hadi shingo, hata ndani ya mikunjo ya ndevu. Hicho kimepakwa.

Cha mwanamke kina pete ya fedha yenye mihuri ya simba anayetembea na nanga: fedha ya Kiingereza, iliyopimwa Birmingham. Herufi ya mwaka iliyogongwa kando ya mihuri hiyo imeniweka mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini pete pia ni bandeji, huvalishwa juu ya ufa. Nimepitisha mwanga kutoka ndani, hakuna mstari. Pete imekaa kwenye ngazi iliyochongwa kwa ajili yake, kwa hiyo imezaliwa na kiko.

Juni

Bei. Sitazami bei za wanaouza, maana kila mtu huota. Natazama vilivyokwisha kuuzwa mnadani, vya mchongo na hali inayokaribiana. Mdomo uliovunjika hushusha sana. Bweta lake la ngozi lenye mahameli, likiwa na jina la duka, hupandisha. Cha mwanamke kina bweta, cha kucha hakina kitu. Muuzaji alikuwa amekipa cha kucha bei mara mbili ya mwenzake, kwa sababu kinapendeza dirishani. Karatasi yangu imegeuza hesabu hiyo.

Chini kabisa ya boksi kuna kimoja kizito, cheusi, kimevikwa ngozi, na mhuri wa tembo: ni cha chapa iitwayo “Kiko”, ya viko vilivyotengenezwa hapahapa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation kwa mershamu ya bonde la Amboseli. Jiwe la huku ni gumu na zito kuliko la Uturuki, ndiyo maana halikuchongwa nyuso laini kama zile. Sokoni huko nje halifikii bei ya kazi ya Vienna. Kitabaki kwangu. Vingine vyote, isipokuwa cha mwanamke, vinauzwa wiki ijayo, na cha kucha nimekiandika wazi: mdomo bakelaiti, kiungo plastiki.