Siku moja maishani mwangu: mipira miwili, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Leo simu ndiyo iliyoniamsha, wala si jogoo wa jirani. Kwa wiki tatu simu hiyo ilikuwa tochi tu. Intaneti ilikatwa Kongo nzima tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya kura, na meseji za kawaida nazo zikafungwa. Imerudi mwisho huu wa wiki, ila jana Jumapili ilikuwa inajikokota kama lori la shaba mlimani. Alfajiri ya leo, Jumatatu 21 Januari 2019, mvua ikigonga mabati ya mtaa wetu wa Katuba, mambo yote ya wiki tatu yakashuka kwa mpigo: heri za Mwaka Mpya, picha za harusi, habari ya msiba wa mjomba ambaye tumeshamzika na matanga tumeshaanua. Na sauti kumi na nne za mdogo wangu aliyeko Johannesburg.

Kumi na tatu za kwanza ni "yaya, uko wapi, mbona hujibu"; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Ya kumi na nne ni fupi: "Yaya, Lambie ameacha. Ni kichwa. Ameacha kabisa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni. Mama wa watoto akainua kichwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba kuna kijana wa Durban, mchezaji wa ragbi wa Afrika Kusini, ambaye hajawahi kunisikia, na kwamba ameacha kucheza akiwa na miaka 28?

Saa moja asubuhi

Kazi yangu ni kuziba mipira ya magari. Huku kwetu mtu kama mimi anaitwa kwado, na kibao chake ni mpira mmoja mkuukuu uliosimamishwa kando ya barabara. Wangu umesimama kwenye barabara ya Kasumbalesa, kwa hiyo wateja wengi ni malori ya kwenda au kutoka mpakani, kilomita kama 90 kutoka hapa. Lugha yetu imenipa neno moja kwa vitu viwili: mpira ninaouziba asubuhi na mpira ninaoufukuza jioni. Huo wa jioni si wa duara, ni wa ragbi. Katika mji wa Mazembe, klabu kubwa ya kandanda, mtu anayependa mpira wenye ncha mbili huonekana kama mtu anayekula bukari, ugali wetu, kwa uma.

Asubuhi hii hata Mazembe haikuzungumzwa. Korti ya Katiba ilithibitisha matokeo ya kura usiku wa kuamkia jana, basi kila aliyejikinga mvua chini ya turubai langu alikuwa na rais mdomoni. Wengine walinong'ona, wengine walipaza. Mimi nilikuwa na Lambie, na sikuwa na wa kumpa. Nikawasha kompresa.

Saa tatu

Wa kumpa akafika na lori la chokaa.

Ni dereva wa Kitwe, Zambia, huu mwaka wa tano anapita kwangu. Kule kwao Copperbelt ragbi ina mizizi ya migodini. Klabu ya Roan Antelope pale Luanshya ilijulikana duniani kwa milingoti ya goli iliyozidi mita 33, mirefu kuliko yote. Yeye mwenyewe alicheza nguzo ya safu ya mbele, na shingo yake bado inasimulia. Aliruka kutoka kwenye kabini huku amevaa uso wa mtu mwenye habari nzito.

"Mukwai, nimekuletea jambo."

"Lambie," nikasema.

Akaudhika kabisa. Upande wao simu hazikukatwa; habari alikuwa nayo tangu juzi, ameibeba toka Kitwe hadi hapa ili anione ninavyoshtuka, na simu yangu ikamtangulia kwa saa tatu.

Tulianza na ule mkwaju, kwani ungeanza na nini kingine? Tarehe 4 Oktoba 2014, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. New Zealand wako mbele ya Afrika Kusini 25 kwa 24, hawajafungwa katika mechi 22, zimebaki dakika mbili tu. Penalti, mita 55. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye baa moja ya Kamalondo, na tulimlipa mwenye baa kreti nzima ili atuachie chaneli ile kwa dakika kumi za mwisho. Watu waliotaka kandanda walikuwa wanatutukana mgongoni. Lambie akasimama na ule utulivu wake wa mvulana wa kwaya, akapiga. Mpira ulikwenda mpaka nikadhani hautashuka. 27 kwa 25. Mtu mmoja aliyekuwa anatutukana akauliza: "Huyu ni nani?" Tangu siku hiyo naye ni wetu. Ni mwalimu wa jiografia, mtamwona hapa chini.

"Angepumzika mwaka mmoja angerudi," dereva akasema. "Miaka 28! Mtu hajavunjika mguu, hana plasta, anatembea vizuri."

Nikamwuliza mpira wake una nini. Wa nyuma, wa ndani kati ya ile miwili, umepoteza upepo. Yeye ameendesha hivyohivyo tangu mpakani, mwenzake akiubeba mzigo. Nikautoa. Kwa nje ulikuwa safi, meno bado marefu. "Ziba tu, weka upepo, nifike Kolwezi."

Huwa siweki upepo kabla sijaona ndani. Niliulaza, nikaupiga nyundo ukaachana na janti, nikapitisha vyuma viwili, nikaingiza mkono. Mkono ukatoka na unga mweusi, laini kama wa mkaa uliotwangwa. Huo unga ni mpira wenyewe umejisaga. Maana yake ukuta umekunjwa na kukunjuliwa kwa kilomita nyingi bila upepo, na nyuzi za chuma zilizomo ndani zimechoka. Ukijaza, utajaa vizuri, hautavuja hata kidogo. Kisha siku moja, labda mbele ya mtu anayeujaza, ukuta unafunguka kwa mstari mmoja kama zipu. Nina kovu mkononi kutokana na mmoja wa namna hiyo, na mimi nilibahatika.

Nilimmiminia ule unga kiganjani. Akausugua kwa kidole gumba.

"Lakini nje ni mzima," akasema.

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Halafu tukaanza kuzungumza bei ya mpira wa mitumba.

Saa sita mchana

Mvua imekata. Mama muuza uyoga amepanga beseni zake ng'ambo ya barabara. Januari ndio mwezi wake. Tulikula bukari, sombe (kisamvu) na uyoga, dereva akaongeza munkoyo, kinywaji cha kwao. Mwalimu akatukuta hapo, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya tope. Naye alikuwa amepata habari kwa njia yake, na alikuja akiwa na hasira.

Nilidhani ana hasira na CJ Stander. Wengi wetu tulianza na huyo. Juni 2016, uwanja wa Newlands, Cape Town, Mwairlandi huyo mzaliwa wa Afrika Kusini aliruka kuzuia mkwaju, nyonga yake ikamkuta Lambie kichwani. Lambie akazimia pale majanini. Stander alipewa kadi nyekundu, na Ireland wakashinda hivyohivyo 26 kwa 20, ushindi wao wa kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika Kusini. Mwaka uliofuata Lambie akagongana tena, safari hii na mwenzake wa Sharks, klabu yake ya Durban. Kisha akaenda Ufaransa, klabu ya Racing 92.

Hapo Racing ndipo sisi Wakongo tulipopata sababu ya pili ya kutazama, maana Yannick Nyanga, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa anavaa jezi ileile. Fainali ya ubingwa wa Ulaya, Bilbao, Mei 2018: mwenzake Dan Carter majeruhi, Lambie akapewa nambari 10, ya anayeongoza mchezo. Nilikuwa sijamaliza hata kufungua chupa. Dakika ya tatu, goti, akatoka. Leinster ya Ireland wakashinda 15 kwa 12. Siku ile tuliomboleza goti. Kumbe goti halikuwa neno.

Lakini hasira ya mwalimu haikuwa kwa Stander wala kwa goti.

"Mimi nina hasira na sisi," akasema. "Baada ya Newlands, tulikuwa tunaulizana nini kila wiki?"

Nikajua anakoelekea. Tulikuwa tunaulizana: Lambie anarudi lini? Mimi ndiye niliyekuwa mbaya zaidi. Nilihesabu wiki kwa chaki kwenye mlango wa kibanda hiki. Aliporudi, nilinunulia watu soda.

Dereva akasema shabiki si daktari. Ni kweli. Mwalimu akasema shabiki si daktari lakini ana mdomo. Hilo pia ni kweli. Wakaendelea hivyo mpaka munkoyo ukaisha, na mimi nikawa kimya, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo ningeona haya kulisema: nilipoisikia ile sauti ya kumi na nne, kabla huzuni haijafika, kitu cha kwanza kilichonipitia kifuani kilikuwa nafuu. Kama mtu aliyeambiwa lori limesimama kabla ya mteremko.

Saa nane, saa tisa

Mipira mitatu midogo, toroli moja, pikipiki moja ya mtu asiyelipa. Basi.

Saa kumi na nusu

Mazoezi. Uwanja wetu uko nyuma ya shule, tope jekundu, milingoti ni mikaratusi miwili niliyoifunga mwenyewe kwa bomba la chuma. Pembeni kuna kichuguu kikubwa; hilo ndilo jukwaa letu, watoto wa mtaa hukalia juu yake. Vijana kumi na saba walikuja.

Niliwaambia habari. Nusu hawakujua ninamzungumzia nani. Mkwaju wa Ellis Park ulipopigwa walikuwa na miaka kumi na moja na mawazo yao yako kwa Mazembe. Aliyeinamisha kichwa ni mmoja, nambari 10 wetu. Huyo nilimwonyesha ule mkwaju kwenye simu mpaka simu ikachakaa.

Yeye ndiye aliyependekeza: kila mtu apige mara moja kutoka mita 55. Tukahesabu hatua kutoka milingotini, tukafika karibu na choo cha shule. Kila mmoja akafinyanga kilima chake cha tope, akauweka mpira juu, akapiga. Hakuna uliofika, hata mmoja. Wa nambari 10 ulianguka kama hatua kumi kabla ya milingoti, na kichuguu kizima kikapiga makofi. Mwalimu, mwenye viatu vya darasani, alipiga akakaa chini topeni. Sijui huko Durban walimuagaje. Sisi tulimuaga hivyo.

Kisha tukaanza mazoezi ya kukabana. Mara ya tatu au ya nne, nambari 10 alijitupa kumkaba winga, kichwa kikaenda upande usio wake, kikakutana na goti. Sauti yake naijua. Akainuka upesi, anacheka, anafuta tope.

"Inuka twende!" mtu akapiga kelele kutoka kichuguuni. Zamani mtu huyo angekuwa mimi.

Nikamshika mabega. "Tulikuwa tunashambulia wapi?"

Akatazama milingoti, akatazama choo, akatafuta. Akaonyesha kichuguu.

"Toka."

"Papa, niko muzima."

"Toka, mwanangu. Leo imekwisha."

Kanuni ya ragbi ya mitaani haina mjadala: ukishuku tu, mtoe, na harudi siku hiyo. Niliisoma miaka mingi iliyopita. Kuitumia ni jambo jingine, hasa kwa kijana bora uliye naye, anayekuangalia kana kwamba umemwibia. Mimi mwenyewe, enzi zangu, nina nusu ya pili ya mechi moja ambayo siikumbuki hadi leo. Nasimuliwa kwamba nilifunga.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Nilimsindikiza kwao. Hakuzungumza nami njia nzima. Mama yake alikuwa anapepeta unga; nilimweleza: asilale peke yake leo, asirudi uwanjani mpaka apone na kuonwa na daktari, na akitapika, au kichwa kikizidi kumuuma, au akianza kuchanganya maneno, asingoje asubuhi, ampeleke hospitali.

"Ndiyo maana nilisema acheze mpira wa miguu," mama akasema. Kisha akanishukuru, akanipa kikombe cha chai ambacho kijana hakutaka kunipitishia. Alikiweka chini, mbali kidogo na mimi.

Saa tatu usiku

Watoto wamelala. Nimemtumia mdogo wangu sauti moja, ndefu, ya kujibu zote kumi na nne. Nimemwambia habari za mjomba, za mvua, za ule unga mweusi. Ya Lambie nimesema tu: afadhali. Mama wa watoto alikuwa anasikiliza, amesema, "Huyo wa asubuhi, si ndiye? Ana watu wa kukaa naye?" Nimemwambia nadhani anao.

Sasa hivi imeingia meseji kutoka simu ya mama wa nambari 10, lakini mwandiko si wa mama:

"Papa kichwa ni sawa. Lambie ile ya 2016 alikaa inje ngapi?"

Alirudi mwaka uleule. Novemba alikuwa Twickenham, Uingereza, anacheza. Simu iko mkononi, na bado sijamjibu.