Paka mwingine? Wiki ya sita: nyufa zimeziba, mawe yamegoma

Sakafu imekubali. Nyufa za chumba cha nyuma zimeziba, na kiraka ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia kizito, si kitupu. Ila uamuzi wa kuleta paka mwingine haujafika mwisho, na kinachouzuia kiko nje, kwenye mawe.

Paka aliyetangulia alikufa kwa panlukopenia, ugonjwa wa virusi vya pavo vya paka. Ingekuwa figo, au lukemia ambayo virusi vyake nje ya mwili havidumu, kazi ingekuwa kufua na kudeki tu. Pavo inaweza kukaa mwaka mzima: kwenye ufa, kwenye gunia, kwenye soli ya kandambili. Spiriti haiiwezi. Dettol ndiyo ya kuweka mbali kabisa: pavo haiiui, na fenoli yake ni sumu kwa paka, ambaye ini lake haliwezi kuivunja. Anatembea kwenye sakafu iliyodekiwa, analamba nyayo, basi.

Jiki ndiyo dawa, ila ya kupimwa. Ya asilimia 3.5: mililita 50 kwa lita 1 ya maji, na sakafu ibaki imelowa dakika 10. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa kinadanganya. Kabla yake sugua kwa sabuni ya unga, kisha suuza sana, maana uchafu huimaliza jiki nguvu, na ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Iliyochanganywa jana, mwaga.

Sasa nyufa. Jiki inapita juu ya ufa, uchafu wa ndani unabaki palepale, kwa hiyo dawa ni kuuzika. Kiraka cha kwanza kilibanduka, cha pili vilevile. Kosa lilikuwa moja: saruji mbichi ilipakwa kwenye zege kavu, zege likainyonya maji kabla haijashika. Iliyokubali ni hii: panua ufa kwa tindo hadi upana wa kidole, toa vumbi lote kwa brashi (fagio la chelewa linaacha unga chini), mwagia jiki, subiri, suuza, lowesha usiku kucha. Asubuhi pakaa uji wa saruji tupu, na kabla haujakauka jaza saruji 1 kwa mchanga 3 uliochekechwa. Funika kwa gunia bichi siku tatu. Gunia likikauka mchana wa jua la Mwanza, kiraka kinapasuka upya, na hasira yake wanaijua waliorudia mara tatu.

Nje ndiko kugumu. Nyumba ya mlimani choo cha paka ni udongo ulioshikwa katikati ya mawe, na jiki ikimwagwa kwenye udongo inakufa papo hapo. Mpango ulikuwa kibanda cha wavu barazani, mita 2 kwa 1, wavu wa nusu inchi; vipimo vilishachukuliwa. Umeachwa. Kwa nini kumfungia paka asiguse udongo, wakati anaweza kuchaguliwa paka ambaye udongo huo haumtishi?

Yaani paka mzima aliyekwisha kuchanjwa, si mtoto. Watoto wamejaa pale soko la samaki la Mwaloni, wanalelewa na harufu ya dagaa, lakini mtoto huchanjwa kuanzia wiki 6 hadi 8, na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Katikati kuna pengo baya: kinga ya maziwa ya mama imeshuka kiasi cha kushindwa kumlinda, ila bado inatosha kuizima chanjo. Mzima anapata dozi mbili, wiki 3 hadi 4 kati yake, kisha wiki 2 zaidi huko huko alipo ndipo aletwe.

Bakuli la plastiki lenye mikwaruzo limetupwa, godoro la paka aliyekufa limechomwa. Kinachosubiriwa ni chanjo, ambayo lazima isafiri kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikija ndani ya rambo bila barafu, inarudi ilikotoka.