Nakala ya hukumu ya mirathi ya babu

Jamani kama unatafuta hukumu ya Mahakama Kuu au ya Rufani usikimbilie kupanda daladala, ingia kwanza TanzLII, tovuti ya hukumu, ni ya Mahakama ya Tanzania na kusoma ni bure, andika jina la mdaawa (mmoja wa wenye kesi) au namba ya kesi na mwaka. Ila mirathi ya babu ilisikilizwa mahakama ya mwanzo kwahiyo nikaenda mwenyewe masjala na barua ya maombi, namba ya shauri mkononi, maana bila namba karani anaanza kufukua madaftari na siku inaisha hivyo hivyo. Omba nakala iliyothibitishwa yenye muhuri, sio fotokopi tu. Na usichelewe, rufaa kwenda mahakama ya wilaya ni siku 30, sisi zilibaki nne, bibi hata kula alikuwa hali.