Kipa wa miaka 12 akifungwa sita bila

Mtoto kipa akitoka uwanjani Katuba au Rwashi, hapa Lubumbashi, amefungwa sita bila, wazazi wengi humwambia, "Si kitu, umecheza vizuri." Haamini, maana mipira yote sita ameiokota mwenyewe nyuma yake. Jema la kumwambia liwe la kweli, na utaliona tu kama ulikaa karibu na goli lake ukitazama, badala ya kugombana na refa.

Kwanza pima goli. La watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa mita 1.45 hafikii mwamba hata akiruka, kwa hiyo mipira iliyopita juu ya mikono yake usimhesabie. Tazama ya chini. Aliudaka au aliutema? Mshambuliaji alipobaki peke yake, kipa alisogea mbele kumzibia pembe, au aliganda kwenye mstari? Akisogea, goli linalobaki wazi hupungua, na huenda mpigaji akapaisha. Kipa aliyefungwa sita huku akitoka hivyo mara tatu amefanya kazi kubwa, naye anastahili kuambiwa kwa kutajiwa mpira wenyewe: "Ule wa baada ya goli la nne, ulitoka mapema, akapiga nje."

Juni na Julai ardhi yetu nyekundu inakauka, inakuwa ngumu, na mpira unadunda hadi begani. Hapo wengi hufungwa kwa sababu wanangoja mdundo. Dawa ni kuuwahi kabla haujadunda, au kuweka kifua nyuma ya mikono.

Linganisha pia vipindi. Matano cha kwanza na moja cha pili ni habari njema. Tena uliza umri: watoto wakipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, wa Januari anampita wa Desemba kwa karibu mwaka mzima, na katika umri huu hilo ni mwili mwingine kabisa.

Kwa mtoto wa Lubumbashi kuna mfano wa nyumbani. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009, timu yetu ya Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria. Iliporudi hapa ikashinda 1-0, jumla ikawa 2-2, na lile goli moja la ugenini, la siku ya kushindwa, likaipa kombe.

Ila asihojiwe njiani. Ale bukari kwanza, aoge, halafu muulize swali moja tu: ni mpira gani uliuona vizuri leo? Mengine yangoje mazoezi. Mpigie mipira 20 ya chini kutoka mita 6, kumi kulia, kumi kushoto, polepole. Vidole vitazame chini, vidole vidogo vya mikono yote miwili vikaribiane, goti moja lizibe nyuma. Akitema zaidi ya mitatu kwa kila kumi, punguza kasi. Akidaka yote, rudi hadi mita 8.