Kusoma hukumu ya Mahakama ya Afrika, Arusha

Mwanafunzi wa haki za binadamu akipewa hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mara nyingi hukimbilia kuuliza haki ipi imevunjwa. Hapo ndipo alama zinapopotea. Anza na mamlaka ya Mahakama: juu ya mada, wahusika, muda na eneo. Kwenye wahusika kuna mtego mkubwa. Nchi kuridhia Itifaki ya 1998 iliyoanzisha Mahakama hii hakumpi mwananchi mlango wa kwenda Arusha moja kwa moja. Lazima nchi iwe imeweka tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki hiyo, yaani kukubali Mahakama ipokee mashauri ya watu binafsi. Tanzania iliweka lake 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na uondoaji ukaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo angalia kwanza tarehe maombi yalipowasilishwa.

Kisha njoo kwenye kupokelewa kwa maombi, masharti saba ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Linalobishaniwa zaidi ni kumaliza ngazi za mahakama za ndani. Katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania (2015), Mahakama ilisema kuomba marejeo (Mahakama ya Rufani iupitie upya uamuzi wake yenyewe) baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani ni njia ya ziada, si lazima kuipitia. Hoja hii ijue vizuri, maana wafungwa wengi wameitegemea.

Na tafadhali, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 si mkataba. Usiliandike hivyo.