Dania na harufu ya sabuni
Dada yangu hali kachumbari yenye dania. Tangu utotoni anasema inanuka sabuni, na nyumbani ameitwa mchagua chakula mpaka basi. Jumapili, kwa shangazi, nilimwona tena akitoa vijani kimoja kimoja kwa ncha ya uma huku watu wakiguna. Iliniuma sana.

Jamani, hadeki. Majani ya dania yana kemikali ziitwazo aldehaidi, na za jamii hiyo zimo kwenye sabuni pia. Jeni OR6A2, iliyo kwenye kromosomu ya 11, hutengeneza kipokezi cha harufu puani kinachozinasa vizuri, na watu hutofautiana kidogo hapo. Si jeni peke yake, mazoea nayo yana nafasi.

Binadamu tuna takriban jeni 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni za aina hii kwa panya mwaka 1991, wakapata Nobel 2004. Hata ndugu wa tumbo moja huweza kurithi nakala tofauti.

Mbegu kavu za dania anazila kwenye pilau bila shida, maana harufu yake inatokana na kemikali nyingine. Tafadhali, msimwambie tena "zoea tu".